Chakula cha Buhaya kwa Siku Mbili: Mjadala

Chakula cha Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba mkoani Kagera, hutoka sehemu mbili: kibanja na ziwa. Kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni na maharage huota pamoja na kurutubishwa kwa samadi na majani makavu. Ziwa Viktoria hutoa sato, sangara, dagaa na kambale. Zaidi ya hayo wapo senene, ambao huja kwa msimu wao, na ipo rubisi, pombe inayokamuliwa kutoka kwenye ndizi mbivu.

Wageni wa mwisho wa juma hukifikia chakula hicho kwa njia kadhaa. Kutoka Mwanza ipo meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kurejea majini Agosti 2020 baada ya matengenezo makubwa. Husafiri usiku, hupitia Kemondo na kutia nanga Bukoba asubuhi. Wengine huja kwa basi au kwa ndege, na wengine huvuka mpaka wa Mutukula kutoka Uganda. Kwa vyovyote vile, anayefika Jumamosi asubuhi na kuondoka Jumapili jioni ana milo isiyozidi sita.

Hapo ndipo mada inapozaliwa: siku mbili zinatosha kumwonjesha mgeni chakula cha Buhaya. Upande wa kuunga unasema zinatosha, na kwamba meza ya mgahawa inakidhi haja. Upande wa kupinga unasema chakula hiki ni cha nyumbani, kina saa zake na misimu yake, na mgeni wa haraka huondoka na kivuli chake tu. Kati yao huingia wanaokishika chakula chenyewe: wapishi, wavuvi na wakulima.

Kuhusu ndizi

Upande wa kuunga: Ndizi za kupika hazina msimu. Kibanja kilichotunzwa hutoa mkungu mwezi wowote, kwa hiyo hakuna juma ambalo mgeni atakosa. Kuzunguka soko la Bukoba na stendi za mabasi, mama lishe huinjika sufuria kabla ya jua kuchomoza. Asubuhi kuna katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo au nyama na mchuzi wake. Mchana kuna ndizi na maharage, ndizi na samaki, ndizi na nyama. Mgeni huketi kwenye benchi, husalimu na kuuliza:

"Shikamoo mama. Leo kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Kuna ndizi maharage, ndizi utumbo, na wali kwa wasiozizoea ndizi."

Somo la kwanza limekwisha kutolewa hapo: ndizi ndiyo chakula, na wali ni wa wageni. Dar es Salaam watu hununua ndizi Bukoba zilizokaa siku kadhaa kwenye lori. Bukoba kwenyewe, mkungu ulioko jikoni huenda ulikatwa jana. Hata mgahawa mnyonge kuliko yote una ndizi bora kuliko hoteli kubwa ya mbali.

Upande wa kupinga: Ubichi si hoja pekee. Buhaya ina aina nyingi za migomba, na kila moja ina kazi yake. Nshakala, nchoncho na ntobe ni za kupika. Nkonjwa huchomwa. Embile ni ya pombe. Mwenye kibanja huchagua mkungu kwa kuangalia nani atakula na kwa kitoweo gani. Sokoni chaguo hilo hupotea, na mgahawa hupika kilichofika. Tena, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Kagera ilisambaziwa migomba ya FHIA, chotara waliozalishwa Honduras, ili kukabiliana na magonjwa na wadudu. Mikungu yake ni mikubwa na huzaa vizuri, lakini wazee wengi hawaikubali kwa ladha ya chakula. Mgeni asiyejua tofauti anaweza kula aina ambayo mwenyeji wake asingempikia mkwewe, akaondoka akidhani amezijua ndizi za Bukoba.

Sauti ya jikoni: Kinachotenganisha ndizi ya mgahawa na ya nyumbani ni muda. Mmenyaji hupaka mafuta viganjani kwanza, kwa sababu utomvu wa ndizi mbichi huacha weusi usiotoka kwa sabuni. Kila ndizi ikimenywa hutumbukizwa majini isibadilike rangi. Maharage hutangulia motoni hadi yakaribie kuiva, kisha ndizi huwekwa juu yake zikiwa nzima au vipande vikubwa. Majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni ili yawe laini hufunika chungu na kukunjwa pembeni mvuke usitoke. Baada ya hapo moto hupunguzwa na chungu huachwa. Wahaya hawazipondi ndizi kama wafanyavyo jirani zao Waganda. Ndizi hutakiwa iwe laini hadi ndani huku ikibaki na umbo lake. Kazi hiyo haiwezekani kwa mteja anayeingia saa saba akitaka kula saa saba na nusu. Lakini mama lishe aliyeagizwa jioni anaweza kuifanya kwa chakula cha mchana wa kesho yake, na wengi hufurahi kuombwa.

Kwa maelezo hayo, pande zote mbili hulegeza kamba. Wa kuunga hukubali kwamba ndizi ya kuingia na kula ni nusu ya chakula. Wa kupinga hukubali kwamba usiku mmoja wa kungoja unaingia vizuri ndani ya siku mbili.

Kuhusu samaki

Upande wa kupinga: Hoteli za ufukweni Bukoba humletea mgeni sato wa kukaanga, chipsi na kachumbari. Sahani hiyo hiyo inapatikana Mwanza, Kisumu na Entebbe. Isitoshe, sato na sangara wenyewe ni wageni. Walipandikizwa katika Ziwa Viktoria kuanzia miaka ya 1950. Sangara alipozidi, furu wa aina nyingi walitoweka au kupungua mno, na ngege, samaki wa asili aliyependwa na vizazi vilivyotangulia, akawa adimu. Sangara bora naye hupelekwa kiwandani kukatwa minofu ya kuuzwa nje; mabondo yake, yaani vibofu vya hewa, yana soko la mbali zaidi, na kwa mwananchi wa kawaida hubaki mapanki, yaani mifupa iliyotolewa minofu. Mgeni anayekula samaki wa hotelini anakula historia ya biashara ya ziwa, na bado hajafikia chakula cha Buhaya.

Upande wa kuunga: Kipimo hicho kikishikwa, hakuna kitakachobaki mezani. Asili ya mgomba ni Asia. Maharage yalitoka Amerika. Hakuna anayethubutu kusema ndizi na maharage si chakula cha Wahaya. Chakula cha mahali ni kile ambacho watu wa mahali hapo wamekizoea, wamekipa mapishi yao na wanakila bila kuulizana. Sato aliyechemshwa na ndizi katika chungu kimoja, kwa chumvi, nyanya na kitunguu, amekwisha kuwa mwenyeji. Kosa la hoteli ni chipsi. Mgeni akiomba sato wa kuchemsha kwa ndizi badala ya wa kukaanga kwa chipsi, anakula kama familia nyingi za pwani ya ziwa zinavyokula.

Sauti ya mwaloni: Samaki naye ana kalenda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa pale giza linapokuwa nene. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, kwa hiyo mgeni aliyefika mwezi ukiwa mpevu atakuta dagaa waliokaushwa tu. Sato na sangara hufika mwaloni asubuhi. Aliyewahi Nyamukazi, ng'ambo kidogo ya katikati ya mji, huwaona kabla hawajagawanywa kwa wachuuzi. Lipo pia suala la ukubwa. Sheria hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 wala sato aliye chini ya sentimita 25. Samaki mdogo anayetosha sahani moja huonekana mzuri, lakini mteja anayemtaka yeye ndiye anayemlipa mvuvi haramu.

Upande wa kupinga huongeza kwamba samaki wa Muleba hasa yuko visiwani: Bumbile, Goziba, Ikuza, Kerebe. Huko ndiko uvuvi ulikojaa, na safari ya mtumbwi kwenda na kurudi hutegemea upepo. Hoja hii haipati jibu. Mwenye siku mbili atakula samaki wa visiwani akiwa bara, na visiwa vyenyewe atavikosa.

Kuhusu senene

Upande wa kupinga: Hapa mada huanguka yenyewe. Senene ni panzi mwenye papasi ndefu, si nzige, na hutokea baada ya mvua. Msimu mkubwa huwa Novemba na Desemba. Mdogo huja karibu na Aprili na Mei. Hata ndani ya msimu kuna usiku wa neema na usiku mkavu. Mgeni wa Julai au Agosti hana senene hai wa kumwona, hana harufu ya kikaango njiani, hana watoto wanaokimbizana na taa. Atauziwa pakiti.

Upande wa kuunga: Pakiti si aibu. Wahaya wenyewe wamekausha senene tangu zamani ili wakae muda mrefu, na ndugu walio mbali hutumiwa hao hao waliokaushwa. Senene mkavu ana chumvi, ana mafuta yake mwenyewe na hulika kwa mkono. Kwa lishe, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake mkavu ni protini, na mafuta yanakaribia kiwango hicho au kukizidi. Anayetaka wabichi apange safari yake mwishoni mwa mwaka, wakati ambao Wahaya wanaoishi mikoani nao hurudi kwa Krismasi. Meli, mabasi na nyumba za wageni hujaa, lakini mji huwa na senene.

Sauti ya jikoni: Senene wabichi hunyonyolewa mabawa na miguu, huoshwa na kuwekwa kwenye kikaango kikavu. Mafuta hayaongezwi mwanzoni, kwa kuwa joto huyatoa ya senene wenyewe; chumvi na kitunguu hufuata. Kazi ndefu ni kunyonyoa, na muuzaji aliyekwisha kunyonyoa hutoza zaidi. Katika mila za zamani wanawake ndio waliokusanya na kuandaa, na walaji walikuwa wanaume. Siku hizi sufuria hiyo hiyo hulisha nyumba nzima, na wanawake wengi ndio wauzaji. Ukamataji nao umebadilika: badala ya kuokota nyasini alfajiri, watu huweka taa kali juu ya mabati yaliyoinamishwa ndani ya mapipa, senene wakigonga bati huteleza na kujaa chini. Mgeni anayepita karibu na mitego hiyo usiku hashauriwi kuikodolea macho, maana mwanga wake huumiza.

Hoja ya senene hubaki na hukumu ya msimu. Kwa majuma machache ya mwaka siku mbili zinatosha kabisa. Kwa mengine, mgeni huonja akiba.

Kuhusu kahawa na rubisi

Upande wa kuunga: Kahawa ndiyo rahisi kuliko vyote. Kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA kiko Bukoba, kwa hiyo kikombe hakikosekani. Sokoni kuna kahawa ya kutafuna katika vifungu vidogo, na mgeni anaweza kuiweka mfukoni na kuitafuna njiani hadi Muleba.

Upande wa kupinga: Kikombe cha kahawa ya unga ni kinywaji cha nchi nzima. Kahawa ya Buhaya ilikuwa ya kutafunwa kabla Wajerumani hawajafika na kuanzisha kituo chao Bukoba mwaka 1890. Matunda ya robusta huchumwa kabla hayajawa mekundu kabisa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa. Mwenyeji humtolea mgeni kabla mazungumzo hayajaanza. Hapo zamani marafiki wawili walioamua kuwa ndugu waligawana punje mbili za tunda moja zikiwa na tone la damu ya kila mmoja, na undugu huo haukuvunjwa. Kifungu cha sokoni kina kahawa, lakini hakina mtu anayeitoa.

Sauti ya shambani: Tofauti hiyo ni ya kweli, na rubisi inaidhihirisha zaidi. Ndizi za embile huivishwa kwa siku kadhaa shimoni au juu ya dari la jikoni. Zikiiva humenywa na kukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, juisi huchujwa, huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunikwa usiku. Kesho yake hunywewa. Siku ya tatu huwa imechachuka na wengi hawaitaki. Hii ina maana kwamba rubisi nzuri ya Jumamosi ilianza kutayarishwa mapema katika juma lile, na hakuna anayeweza kuiharakisha kwa ajili ya mgeni. Bahati ni kwamba mwisho wa juma ndio wakati wa harusi na mikusanyiko ya ukoo, kwa hiyo ipo nyumba fulani iliyokamua. Asiyetumia pombe huomba juisi siku ya kukamua, kabla haijachachuka. Ni tamu na watoto huipenda.

Pande zote mbili hukubaliana juu ya tahadhari mbili. Ya kwanza ni maji: rubisi huchanganywa na maji, na mgeni ana haki ya kuuliza kwa adabu yametoka wapi. Ya pili ni gongo, inayokenekwa kutoka kwenye pombe ya ndizi. Hiyo haina kipimo kinachojulikana wala ulinzi wa sheria, na haihesabiwi katika vyakula vya kuonja.

Kuhusu ukarimu na malipo

Upande wa kuunga: Mgahawa una uaminifu wake. Bei hutajwa, mteja hulipa, hakuna anayebebeshwa mzigo. Mgeni anayejipenyeza nyumba za watu kule Kamachumu au Nshamba akitafuta "chakula halisi" huwalazimisha wenyeji kuchinja kuku ambaye hawakupanga kumchinja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata wao waliona siku mbili ndizo mwisho wa kustareheshwa, na hawakuagiza zitumike kumfilisi mwenyeji.

Upande wa kupinga: Hakuna anayetetea kuvamia nyumba. Lakini fedha ya mgeni ikiishia hoteli za mwambao, mkulima wa Muleba anayezalisha ndizi, kahawa na maharage haioni. Njia ya kati ipo. Kampuni za utalii wa utamaduni, mfano Kiroyera Tours ya Bukoba, zimewahi kuwapeleka wageni vijijini kwa mpango na malipo yaliyojulikana. Barabara kuu ya Bukoba kwenda Muleba mjini inaweza kumalizwa asubuhi moja, na kutoka Muhutwe kuna njia ya kupanda hadi Kamachumu, kwenye nyanda za juu zilizojaa vibanja.

Sauti ya shambani: Mgeni anayetoa taarifa mapema si mzigo. Anayelipia mlo ni mteja. Anayekaribishwa kindugu huja na sukari, sabuni au nyama, wala hafungui mkoba kuuliza bei mbele ya wazee. Kuchanganya mambo hayo mawili ndiko kunakoleta aibu. Kila ukoo una mwiko wake wa mnyama au samaki usiyemla, kwa hiyo mwenyeji anaweza kupika asichokionja. Mgeni asimshawishi.

Jambo jingine ni panga. Wageni wengi hupenda kukata mkungu wenyewe ili wapigwe picha. Katikati ya miaka ya 2000 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia Kagera, Muleba ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika mapema. Bakteria wake husafiri kwenye chuma kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima, na mgomba ulioambukizwa hukauka pamoja na mkungu wake. Panga lililotoka shamba jingine lazima lipitishwe motoni au lioshwe kwa dawa ya klorini kabla halijagusa mgomba. Mwenye kibanja akikataa kukabidhi panga, hajakosa ukarimu. Analinda chakula cha mwaka.

Majumuisho

Mjadala huu unaacha mada ikiwa imepita kwa masharti. Siku mbili zinatosha kuonja, mradi mlo upangwe kufuata saa ya chakula chenyewe. Katogo ni ya asubuhi ya kufika, mjini. Ndizi za chungu huagizwa siku hiyo hiyo kwa ajili ya kesho. Samaki huulizwa asubuhi kabla ya kuchaguliwa jikoni, naye huombwa kwa ndizi. Siku ya pili ni ya Muleba, kwa mwenyeji aliyepewa taarifa, na huko ndiko kahawa ya kutafuna hupokelewa kutoka mkononi mwa mtu, na rubisi hunywewa ikiwa imekamuliwa. Senene huachiwa kalenda: wabichi mwishoni mwa mwaka, wakavu wakati mwingine wote.

Upande wa kupinga unabaki na mambo matatu ambayo hayakujibiwa. Visiwa havifikiki ndani ya muda huo bila kukimbizana na upepo. Kutambua aina za ndizi kwa ulimi huhitaji kula nyingi, kwa vipindi tofauti, na mtu anayejua kuzitaja. Na msimu wa senene hauletwi na mwaliko wala fedha. Hayo matatu ndiyo yanayobaki kwa safari nyingine, na mgeni anayeyajua kabla ya kupanda meli hupanga milo yake vizuri zaidi kuliko anayedhani kila kitu kinapatikana kwa kuagiza.